Moto Nilioupeleka Kwenye Nyumba ya Nailoni

Mwezi uliopita nilishuka kwenye basi pale Bunda kununua maji, nikajikuta nimesimama mbele ya duka la pembejeo na sitaki kuondoka. Nje ya duka walikuwa wamesimamisha kijinyumba cha nailoni cha kuoteshea mboga, kimo chake kama changu, kina zipu mbele na vishubaka vya waya ndani. Mwenye duka akadhani nimevutiwa. Akaniambia ni bei rahisi, kinafungwa kwa dakika kumi, hata mtu wa mjini asiye na shamba anapata nyanya zake uani. Mimi nilikuwa nanusa tu. Nailoni iliyopigwa na jua tangu asubuhi ina harufu yake, utamu mbaya unaokaa kooni, na sikuwahi kuisikia kwa karibu hivyo tangu nikiwa na miaka minane. Kovu la mkononi likaanza kuniwasha. Zilikuwa zimepita siku nne tangu tumzike Bibi.

Bibi hakuwa mama wa baba yangu wala mama wa mama yangu. Bibi ndiye aliyemuoa mama yangu. Kwetu Mara jambo hilo halimshtui mtu: mwanamke aliyefika uzeeni bila mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Wenyewe wanaiita nyumba ntobhu. Mwanamume aliyenizaa alikuwa mpita njia, simjui, na sikumbuki kumuulizia. Nilikuwa na Bibi, na nilikuwa na Mama, aliyetolewa kwao Guta kando ya ziwa akiwa na miaka kumi na tisa, akaletwa kijijini kwetu upande wa Butiama, ambako maji tuliyajua kwa ndoo.

Mama hakutulia hata siku moja, na mimi nilijua. Jioni alikuwa akipanda jiwe kubwa nyuma ya nyumba anatazama magharibi, ambako siku za anga safi ziwa lilionekana kwa mbali, mstari mwembamba mweupe. "Saa hizi kwetu wanaanua dagaa," alikuwa akisema, lakini si kwangu. Mimi nilikaa chini ya jiwe nikimshika kisigino. Nilidhani nikikishika vizuri hawezi kwenda.

Siku moja walikuwa wamekaa kivulini wanapukuchua mahindi, mimi naokota punje zilizoruka. Mama akasema bila kuinua macho, "Bibi, mimi nimechoka. Hapa kila kitu ni chako. Ng'ombe wako, shamba lako, hata huyu mtoto ni wako. Mimi nina nini?"

Bibi alimaliza gunzi lake kwanza. Hakuwa mtu wa kujibu haraka, na watu wengi walidhani hasikii vizuri.

"Unataka nini?"

"Kitu changu mwenyewe. Kule kwetu kuna mama mmoja analimaga nyanya za kiangazi ndani ya nyumba ya nailoni. Wakati wengine hawana, yeye anauza. Nikipata kama hiyo nitatulia. Nikikosa, naondoka."

"Nikikupa utakaa?"

"Nitakaa."

Nilisikia kila neno. Tangu siku hiyo nyanya kwangu hazikuwa mboga. Zilikuwa ndizo zitakazoamua kama nitakuwa na mama au la.

Bibi aliuza mbuzi wawili, tukaenda Bunda sote watatu. Dukani walituonyesha vijinyumba vya zipu kama hicho nilichokiona mwezi uliopita. Mama alikisukuma kwa kidole kimoja, kikayumba chote. "Hiki upepo wa kwetu utakifikisha Serengeti," akasema, na Bibi akacheka, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. Kulikuwa na kingine kikubwa cha mabomba, hicho hatukukiuliza hata bei. Tukabaki na nailoni ya kukata kwa mita, ya aina mbili.

"Hii inakaaga muda gani?" Bibi aliuliza.

"Hii nyepesi, mama, msimu mmoja imechanika. Hii nzito ina dawa ya jua humo ndani, inakaaga miaka mitatu, minne."

Bibi akachukua pembe ya ile nzito, akaitia mdomoni, akaibana kwa magego aliyobaki nayo, akavuta. Mwenye duka akageuza uso kwa adabu. Nailoni haikuchanika. "Hii," Bibi akasema, akafuta mate yake kwa kanga.

Fedha zilitosha nailoni ya paa tu. Kuta tulizifanya kwa wavu wa dagaa, ule mkuukuu ambao kaka yake Mama aliuleta kutoka Guta, ukakunjwa mara mbili ili kantangaze asipite, yule nondo mdogo anayetoboa nyanya zote na kumwachia mtu maganda. Nguzo zilikuwa fito za mkaratusi. Wiki nzima ya kwanza paka wa kijiji kizima walizunguka kitalu chetu wakilia, kwa sababu wavu ulikuwa bado unanuka dagaa. Mama aliingia humo akafumba macho, akasimama tu. Nilimwona akivuta pumzi ndefu, nikafurahi, nikajua nyanya zimeanza kazi.

Mwanzoni tulikosea. Tuliziba kila mahali, hata chini ya paa, tukiogopa wadudu, na siku ya tatu miche ilikuwa imelala chini kama mboga iliyopita kwenye maji ya moto. Mama alikaa mlangoni akalia. Bibi alizunguka mara mbili, akapachika mkono chini ya paa, akautoa haraka. "Hata nyumba ya nyasi inapumulia juu," alisema, akachukua kisu akafungua nafasi ya kiganja kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaifunika kwa wavu. Miche mingi ilisimama tena. Tukatandaza nyasi kavu chini ili udongo usikauke, tukafukia chupa za maji zilizotobolewa kwa msumari kando ya kila mche. Mimi nilipewa kazi ya maua: kila siku saa nne asubuhi nilipita na kijiti nikigonga kamba zilizoshikilia mimea, taratibu, vumbi la maua lidondoke, kwa sababu mle ndani upepo haukufika wa kutosha. Sikugonga hata kamba moja kwa mzaha.

Ilikuwa katika miezi hiyo hiyo jirani yetu mmoja alihamia nyumba mpya. Tulikwenda kutazama. Kabla ya kitanda, kabla ya chungu, msichana mdogo wa ukoo, wa kimo changu, alitoka nyumba ya zamani amebeba makaa kwenye kigae, watu wote wakimpisha njia, akaingia nyumba mpya na kuyaweka kati ya mafiga matatu. Moto ulipokubali wanawake walipiga vigelegele. Njiani kurudi nilimuuliza Bibi maana yake.

"Nyumba isiyopelekewa moto, watu wake hawakai," Bibi alisema.

"Na Mama alipoletwa, moto ulibebwa?"

Bibi alitembea hatua kadhaa. "Ulibebwa. Mvua ikauzima mlangoni. Tukaingia hivyo hivyo."

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu mzima anamjibu mtoto anayeuliza sana. Lakini mimi niliyashika maneno hayo nikalala nayo, nikaamka nayo. Kumbe ndiyo sababu. Kumbe Mama anapanda jiwe kila jioni kwa sababu moto wake ulizimwa mlangoni, na watu wazima wanajua na wamenyamaza tu. Na sasa alikuwa amejengewa nyumba nyingine, ina nguzo, ina paa, ina mlango, ni yake mwenyewe, na hakuna aliyekumbuka kuipelekea moto. Ukinicheka utakuwa na haki. Mimi mwenyewe nimejaribu kucheka, haijawahi kutoka.

Nyanya zilianza kubadilika rangi. Asubuhi moja Mama aliamka mapema, akaoga, akavaa gauni lake la kanisani. Alisema anakwenda Bunda kuongea na wanunuzi. Alikuwa na lile begi kubwa aliloletwa nalo.

"Mama, begi la nini?"

"La kubebea mifuko ya kufungia nyanya."

Aliingia kitaluni akakaa kidogo. Akatoka na nyanya moja, ya kwanza kuiva yote, akaifuta kwa kanga, akanipa. "Kula yote. Usimgawie mtu." Nilikula nimesimama, maji yakanitiririka hadi kwenye kiwiko, yeye akinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akaenda. Nilimtazama akishuka na njia ya barabarani nikaona ndiyo siku yenyewe. Akirudi jioni atakuta moto kwenye nyumba yake, na hataondoka tena.

Mchana, jua likiwa kali, Bibi akalala ukumbini kama kawaida yake. Nilichukua kigae nikachota makaa matatu jikoni. Nilikwenda polepole, nimeweka mkono mwingine juu, kwa sababu nilijua moto wa kwanza uliponzwa na mvua na sikutaka wa pili uponzwe na kitu chochote. Ndani ya kitalu kulikuwa na joto la kuziba pua. Niliweka mawe matatu katikati ya njia, nikaweka makaa, nikainama nikapuliza. Ulikubali haraka. Nilipiga kigelegele kidogo, cha chini, peke yangu.

Nyasi kavu zilishika kabla sijainuka. Nilizikanyaga, zikashika upande mwingine. Halafu wavu ukalipuka, ukapanda juu wote kwa mara moja na kutoa sauti ya kitambaa kinachopasuliwa, na paa likaanza kujikunja na kudondoka matone yenye moto. Tone moja lilitua juu ya kifundo cha mkono wangu wa kulia. Nililipangusa, likanata. Nilitoka kwa upande ambao wavu ulishaungua, nikakimbilia nyuma ya kihenge, nikakaa huko nimeuficha mkono ndani ya gauni.

Bibi aliamka akapambana na ule moto kwa tawi na mchanga, mwanamke mzee peke yake, akiniita jina langu. Sikuitika. Halafu nikasikia sauti nyingine ikiniita kutoka njia ya barabarani, na Mama akatokea anakimbia, viatu hana, begi hana, gauni la kanisani limeshikwa juu ya magoti. Alikuwa akilia kabla hajafika. Aliniona nyuma ya kihenge, akanikamata, akanibana mpaka nikakosa hewa. Nakumbuka nilifurahi, katikati ya yote yale, kwamba Bunda siku hiyo ilikuwa karibu.

Majirani walijaa. Nyanya zilikuwa zimeiva kwa moto, zinapasuka moja moja kwenye majivu. Mama akauliza, "Nani?"

Bibi alinitazama. Akatazama mkono niliouficha. Masizi yalikuwa usoni mwangu na kigae kilikuwa bado katikati ya mawe matatu, kila aliyetaka kuona angeona. Bibi akasogea, akasimama juu ya yale mawe, kanga yake ikayafunika.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa nachoma takataka. Upepo ukanishinda."

"Umenichomea!" Mama alipiga kelele. "Jamani mnaona? Kanipa kwa mkono huu, kaniteketezea kwa huu! Hakutaka niwe na kitu!"

Bibi aliinama akaanza kuokota fito ambazo hazikuungua sana. Na mimi niliyejua, niliyekuwa na mdomo, nilinyamaza.

Mama alinitibu mkono siku mbili. Aliniuliza nimeungua na nini, nikasema uji, akasema haya. Alitoa vitu kwenye kidonda kwa ncha ya sindano, akanipulizia, akanipaka asali. Usiku alilala na mimi kwenye ngozi moja amenikumbatia. Asubuhi ya tatu nilipoamka alikuwa hayupo, na Bibi alikuwa amekaa mlangoni amegeukia nje.

Mtoto wa nyumba ntobhu ni wa nyumba, hafuati mama. Nilibaki. Bibi alinilea, akanisomesha, akauza ng'ombe mmoja mmoja mpaka zizi likawa nyasi. Hakuoa tena, na hata angetaka, nani angempa binti? Kijiji kizima kilimjua kama bibi aliyemchomea mkewe nyanya. Kanisani wanawake waliacha nafasi kati yao na yeye kwenye benchi. Nikiwa na miaka kama kumi na mitatu nilijaribu. Nilimwambia, "Bibi, ule moto..." Akanikatiza, "Nenda kachote maji." Nikaenda, na ndoo zilikuwa zimejaa. Hilo ndilo ninalolionea aibu kuliko hata makaa: nilifurahi kukatizwa.

Hata msibani. Nilipewa nafasi ya kusema neno la familia mbele ya kaburi. Nyuma yangu nilikuwa nimeshasikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Ndiye yule bibi wa zile nyanya." Nilifungua mdomo, nikawashukuru watu kwa kufika, nikakaa.

Mama hakuja kuzika. Siku nne baadaye nilimfuata Musoma, mtaa wa Iringo anakoishi, kwenye chumba chenye kibaraza anachouzia dagaa. Tumekuwa tukionana miaka hii, kwa mwaka mara moja, mara mbili, tunaongea habari za afya. Nilimsalimu, akanipa kigoda, akaendelea kupepeta. Nikaona nisipolisema pale nitalifikisha kaburini kwangu.

"Mama, ule moto niliuwasha mimi."

Hakusimamisha ungo. "Najua."

"Umejua lini?"

"Siku ile ile. Nilitoa nailoni kwenye mkono wako kwa sindano. Uji unaachaga nailoni?"

"Sasa kwa nini ukamwachia Bibi?"

"Alijitwika mwenyewe. Na mimi nilikuwa natafuta neno la kuondokea. Nikapewa."

"Lakini nyanya zilikuwa zinaiva, Mama. Ulisema utakaa. Ulikwenda kutafuta wanunuzi."

Hapo aliweka ungo chini. Alijifuta mikono kwenye kanga, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sikuwa naenda Bunda," alisema. "Nilikuwa barabarani nasubiri gari la kuja huku Musoma. Gari lilishafika, nimeweka mguu mmoja ndani, begi limeshapakiwa. Nikageuka nikaona moshi kwenu."

Kwenu, alisema.

"Na zisingeungua?"

"Hata zisingeungua. Nilikuwa nimeshaondoka, mwanangu. Ule moshi ndio ulionirudisha. Begi lilikwenda, mimi nikarudi."

"Bibi alijua?"

"Angejuaje? Alidhani nimetoka Bunda."

Aliuchukua mkono wangu wa kulia akaugeuza, akapitisha kidole gumba juu ya kovu, kidole kinanuka dagaa, kama alivyokuwa akifanya zile siku mbili. Nilimwacha afanye. Nilikaa mpaka saa ya basi, nikaaga.

Njia nzima kutoka Musoma sikumfikiria yeye. Nilimfikiria Bibi, aliyesimama juu ya yale mawe matatu na kanga yake. Alikubali kuitwa mchawi wa nyanya za mkewe ili mtoto asijue kwamba amemfukuza mama yake. Akaubeba miaka yote hiyo, kanisani, kisimani, hadi kitandani alipofia, moto ambao haukumfukuza mtu. Mke wake alikuwa ameshaondoka, moto ukamrudishia siku mbili. Angeambiwa hilo tu. Sentensi moja. Mama alikuwa nayo, na mimi nilikuwa na ya kwangu, na hatukumpa hata moja.

Ndipo nikashuka Bunda kununua maji.

"Dada, unachukua?" mwenye duka akauliza. "Nailoni yake ni nzuri, ina dawa ya jua."

Nikashika pembe ya kile kijinyumba, nikaitia mdomoni, nikaibana kwa magego, nikavuta. Mwenye duka akapiga ukelele. Ilichanika palepale, kirahisi, na nikaanza kulia mbele ya watu nikiwa na kipande cha nailoni kati ya meno. Bibi asingeinunua.